MRI ya ubongo ningeilipia tena, "ramani ya mtandao" ya laki sita hapana

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyepewa rufaa ya kumpeleka ndugu yake kupigwa MRI, picha ya ubongo inayotumia sumaku, kwa sababu ameanza kusikia sauti, halafu akifika kaunta anaambiwa kuna kipimo cha ziada, cha kisasa, kinachoonyesha "mawasiliano ya ubongo". Kituo ni cha binafsi, kipo Dar es Salaam, jina siweki. Nilikutana humo na mfanyakazi mmoja wa kupigiwa mfano, na nikatoka na karatasi tisa ambazo mpaka leo zinanikera. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, kwa hiyo mtanivumilia nikifika kwenye namba.

Mgonjwa ni mdogo wangu, kijana wa miaka 22, anasoma chuo. Nimempa asome kabla sijaweka hapa. Amefuta sentensi mbili na kuongeza moja, mtaiona huko chini.

Kwanza kwa nini tulikwenda, maana wengi wanadhani kila anayeanza kusikia visivyokuwepo lazima apigwe picha. Si lazima. Kule Uingereza chombo chao cha miongozo ya tiba, NICE, kilishasema tangu 2008 kwamba kuwapiga picha za ubongo wagonjwa wote wa saikosisi (hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo) ya mara ya kwanza, kama utaratibu tu, hakupendekezwi. Mara nyingi picha haibadilishi chochote katika tiba. Daktari wetu wa kliniki ya akili alikuwa na sababu mahususi: miezi kadhaa kabla ya kuugua, mdogo wangu alianguka na bodaboda akapoteza fahamu, na siku ile alirudishwa nyumbani akapewa panado. Daktari alitaka kujua kama kuna damu iliyovilia au uvimbe. Vipimo vya damu alishaagiza: VVU, kaswende, malaria, sukari, tezi ya shingo. Kwa hiyo tulikwenda na swali moja linalojibika, na hilo ni muhimu kwa yatakayofuata.

Mapokezi nawapa nyota tatu. Tuliambiwa saa nne, tukaingia saa sita na ushee. Viti vipo, maji ya kunywa yapo, choo ni safi. Televisheni ya ukutani ina sauti kubwa kupita kiasi, na kwa mtu ambaye kazi yake ya siku nzima ni kupambanua sauti ipi ya kweli na ipi si ya kweli, televisheni inayohutubia chumba kizima ni adhabu. Nilimwomba dada wa kaunta aipunguze, akaipunguza bila kinyongo, mteja mwingine akaipandisha. Fomu ya maswali ipo kwa Kiswahili kinachosomeka, nawapongeza kwa hilo. Bima ilitaka kibali ambacho kingetuchelewesha, tukalipa mfukoni: 450,000 kwa MRI ya kichwa, kwa lipa namba, na risiti ya EFD unapewa bila kuidai.

Hapohapo kwenye kulipa ndipo kifurushi kilipotoka. Binti wa mauzo, mchangamfu, alisema kwa 600,000 zaidi tunaweza kuongeza "tathmini ya mtandao wa ubongo": mgonjwa anakaa ndani ya mashine dakika kumi za ziada, data inachakatwa na kompyuta, majibu yanakuja kwa barua pepe yakiwa na rangi. Akasema inatambua skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao saikosisi yake hudumu, mapema kabla haijakomaa. Nilimuuliza inatambuaje. Akasema inatumia akili bandia. Nikamuuliza tena inatambuaje, akasema nitaona kwenye majibu.

Mimi nilishakataa. Lakini mama alikuwa amempigia mjomba Maskati, na mjomba ndiye aliyekuwa analipa. Video ikafunguka, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaomba simu apewe "huyo binti wa hospitali". Wakaongea wao wawili. Simu iliporudi kwangu, amri ilikuwa imeshatoka: kwenye kichwa hatufanyi ubahili, fanyeni vyote. Mjomba yuko Oman miaka mingi, ada ya chuo ya huyu kijana ni jasho lake, na kwetu mtu kama huyo akisema hivyo mbele ya dada yake huwi wewe wa kumbishia. Nikatuma pesa.

Sasa nimsifie anayestahili. Mtaalamu wa picha, kaka wa makamo mwenye miwani, ndiye aliyenifanya nifungue ukurasa huu. Mama alikuwa amemfunga mdogo wangu hirizi kiunoni, ya ngozi nyeusi, na ukiibonyeza ndani kuna kitu kigumu. Nilijiandaa kwa kejeli. Yule kaka aliinama kidogo, akasema, "Shikamoo mama. Humu ndani ni karatasi tu au kuna bati?" Mama akasema hajui, aliipokea ikiwa imeshashonwa. "Basi tuivue, ukae nayo hapa mlangoni mkononi mwako. Sumaku ya humu ndani ikivuta bati itamuumiza kijana. Akitoka unamfunga mwenyewe." Mama akaifungua kwa mikono yake. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyehubiri.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Tangu ugonjwa uanze mdogo wangu aliamini simu zinasoma mawazo yake na kuyatangaza. Alishavunja yake na ya kwangu. Alipoiona ile mashine akagoma mlangoni. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "usiogope, ni kipimo cha kawaida" umejisumbua bure. Mtaalamu alimwambia hivi, na nanukuu kadiri ninavyokumbuka: "Hii inafuata maji yaliyomo mwilini mwako, basi. Sumaku inayapanga, mawimbi ya redio yanayatikisa, nayo yanajibu. Haina masikio. Ukiwaza kitu, mimi pale kwenye kioo sikijui." Akampa kipira cha kubana akitaka kutolewa, akamwachia akibane kwanza asikie kengele inavyolia, akamwonyesha vizibo vya masikio, akamtajia kelele zitakuwa ngapi na kila moja itachukua muda gani. Kati ya kelele moja na nyingine alikuwa anaongea naye kwa kipaza sauti. Mdogo wangu alimaliza zote. Alipotoka alisema mle ndani ni kama yupo fundi bati anayelipwa kwa idadi ya nyundo. Ilikuwa utani wake wa kwanza kwa muda mrefu.

Majibu ya MRI ya kawaida yalitoka kesho yake: ukurasa mmoja na CD, imesainiwa na daktari bingwa wa radiolojia. Hakuna damu, hakuna uvimbe, hakuna kovu la ajali, vyumba vya maji vya ubongo viko sawa. Swali liliulizwa, likajibiwa. Kwa sehemu hiyo sina neno.

Karatasi tisa zilikuja wiki iliyofuata. Nzuri kuzitazama, hilo nakiri. Fuvu limechorwa kwa kijivu, ndani yake vitone mia, na kati ya vitone nyuzi nyekundu na za bluu. Nyekundu "mawasiliano yaliyozidi", bluu "mawasiliano yaliyopungua". Ukurasa wa saba una sentensi niliyoisoma mara kadhaa nikidhani sijaielewa: "Matokeo yanaendana na skizofrenia ya awali."

Nieleze kinachopimwa, kwa kuwa waliotuuzia hawakuweza. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka pale, na MRI inaweza kulihisi badiliko hilo. Mtu analazwa bila kupewa kazi yoyote, mashine inaandika jinsi kila sehemu inavyopanda na kushuka. Sehemu mbili zikipanda na kushuka kwa pamoja, husemwa zina mawasiliano. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba sehemu za kuongoza mikono, ya kushoto na ya kulia, hupanda na kushuka pamoja hata mikono ikiwa imetulia tuli. Ndiyo mwanzo wa elimu hii. Nyuzi zile nyekundu kwenye karatasi yetu, basi, si mishipa wala waya zilizopigwa picha. Ni namba, kati ya hasi 1 na 1, inayosema vitu viwili vinafuatana kiasi gani, halafu kompyuta ikaipaka rangi.

Na mwaka huohuo wa 1995 Karl Friston na Chris Frith, wa London, walipendekeza kwamba skizofrenia huenda si ugonjwa wa sehemu moja ya ubongo iliyoharibika, bali wa jinsi sehemu zinavyoshirikiana. Wazo hilo limezaa utafiti mwingi na sina ugomvi nalo. Kuna mtandao ambao huchangamka mtu akiwa ametulia anawaza mambo yake. Marcus Raichle wa St. Louis ndiye aliyeupa umaarufu mwaka 2001. Mwaka 2009 Susan Whitfield-Gabrieli na wenzake walipima watu walio katika hatua za mwanzo za skizofrenia wakakuta mtandao huo umeshikamana kupita kawaida. Makundi mengine yameona, kwa kurudiarudia, kwamba thalamasi, ile sehemu ya katikati inayopokea habari na kuzigawa, huwa na mawasiliano hafifu na ubongo wa mbele, na yaliyozidi na sehemu za mwendo na hisia. Kwa hiyo aliyetunga kifurushi hiki hakuokota maneno barabarani. Ripoti yetu iliutaja mtandao ule na thalamasi pia, mahali pake panapostahili.

Tatizo linaanzia hapo. Utafiti ule wa 2009 ulikuwa na wagonjwa 13, watu wenye afya 13, na ndugu wa damu wa wagonjwa 13, wasioumwa. Ndugu hao nao walikutwa na mshikamano uliozidi. Yaani mngenilaza mimi, dada mtu, kwenye mashine ileile, huenda ningetoka na nyekundu zangu, na kesho yake ningeingia kidato cha sita nikafundisha kama kawaida. Nilimpigia simu binti wa mauzo nikamuuliza kama wananiandikia na mimi "yanaendana". Alicheka, akadhani natania.

Tuingie kwenye namba sasa. Vitone mia vinatoa jozi 4,950. Mia mara 99 gawanya kwa mbili, mwanafunzi wangu yeyote atakuambia. Ukiweka kizingiti kwamba jozi moja kati ya 20 inaweza kuonekana ya ajabu kwa bahati tu, mtu mwenye afya tele atapata jozi 247 hivi za ajabu bila kuwa na lolote. Lazima useme umezichuja vipi. Ripoti ya laki sita haikusema. Waliowahi kuudhihirisha ujinga huu kwa vitendo ni Craig Bennett na wenzake, Marekani, waliomwingiza samaki aina ya salmoni kwenye mashine mwaka 2009, samaki aliyekufa, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zisizochujwa zikaonyesha ubongo wake "unafanya kazi". Walipewa tuzo ya vichekesho vya kisayansi ya Ig Nobel mwaka 2012 na waliistahili.

Halafu kuna suala la wastani, ambalo ndilo hasa. Utafiti mkubwa kuliko yote niliyoisoma ni wa muungano wa watafiti uitwao ENIGMA, wa mwaka 2018. Huo haukupima kupanda na kushuka kwa damu. Ulipima nyuzi zenyewe zinazounganisha sehemu za ubongo, kwa aina nyingine ya MRI. Wagonjwa wa skizofrenia 1,963, wasio wagonjwa 2,359, kutoka vituo mbalimbali duniani. Tofauti ilionekana karibu ubongo mzima, na kubwa kuliko zote ilikuwa 0.42 ya mtawanyiko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana wao kwa wao. Ni tofauti ya kweli, haitokani na bahati. Lakini nilichukua hiyo 0.42, nikaigawa kwa kipeuo cha pili cha 2, nikaenda kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida, lile wanafunzi wanalolichukia. Linasema: ukichukua mgonjwa mmoja na mtu mmoja asiyeumwa kwa kubahatisha, mgonjwa atakuwa na kipimo cha chini mara 62 katika 100. Ukirusha sarafu unapata 50. Hiyo ndiyo nguvu ya kipimo chao bora kabisa kikielekezwa kwa kichwa kimoja. Makundi mawili yenye watu elfu mbili mbili yanatofautiana. Kijana mmoja aliyelala Dar es Salaam humjui yuko kundi gani.

Niliwaandikia barua pepe yenye maswali manne, nayanakili hapa ili mwenye kuhitaji ayachukue. Mlimlinganisha na nani, wa umri gani, waliopigwa kwenye mashine ipi? Alitikisika kiasi gani? Mlijua anatumia dawa gani? Mlijua kama alikuwa macho?

La kutikisika si udadisi. Mwaka 2012 makundi kadhaa ya watafiti wa Marekani yalionyesha kwamba kichwa kikisogea hata chini ya milimita moja, kipimo hiki kinapotoka: mawasiliano ya sehemu zilizo karibu yanaonekana yameongezeka, ya sehemu za mbali yanaonekana yamepungua. Yaani mtikisiko peke yake unaweza kuchora nyekundu na bluu. Na mdogo wangu siku ile alikuwa ameshaanza haloperidoli, dawa ya saikosisi. Mikono ilikuwa inatetemeka, miguu haitulii, ukikaa naye benchi moja benchi zima linacheza. Dawa zenyewe pia hubadilisha mawasiliano yanayopimwa, ndiyo maana watafiti makini huwatafuta wagonjwa ambao hawajameza kidonge hata kimoja.

Na la usingizi, hapa ndipo sentensi aliyoongeza mwenyewe: "Nilisinzia kwenye zile dakika kumi za mwisho, na hakuna aliyeniuliza." Ubongo uliosinzia hauwasiliani kama ulio macho.

Majibu ya barua pepe yangu yalikuwa aya moja ya shukrani kwa kuchagua huduma zao. Ila walichonijibu bila kujua kilikuwa kwenye ripoti tangu mwanzo. Ukurasa wa tisa, chini kabisa, herufi ndogo kuliko za namba ya ukurasa: kwa matumizi ya utafiti, si kwa utambuzi wa ugonjwa. Ukurasa wa saba unatambua, wa tisa unakana. Mwanafunzi akiniletea kazi namna hiyo namrudishia daftari.

Ningeweza kuishia kwenye hasira, lakini karatasi hizi zilifanya mambo mawili nyumbani kwetu na yote nayasema.

La kwanza baya. Mdogo wangu alizipata kabla sijazificha. Akakaa na ukurasa wa nne muda mrefu, ule wenye fuvu lililotazama kulia, akifuata nyuzi nyekundu kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hizi nyekundu ndizo wanazopitia?" Wao, wale wanaomsemesha. Kijana aliyekuwa ameanza kutilia shaka sauti zake sasa alikuwa na ramani ya njia zao, yenye nembo ya kituo cha afya. Kazi aliyoifanya yule kaka mwenye miwani kule mlangoni, kwamba mashine haina masikio na haijui unachowaza, ukurasa mmoja wa rangi uliibomoa. Ilimchukua daktari mazungumzo marefu kuituliza.

La pili zuri, na linanipa tabu. MRI ya kawaida iliposema hakuna kitu, mama alishusha pumzi na kutoa hukumu: kama mashine ya hospitali haioni kitu, basi si la hospitali, tuwatafute wanaoyajua haya. Alishaanza kupanga safari ya kwenda kwa mtu fulani. Zilipokuja zile rangi akanyamaza. Akasema, "Kumbe kweli kuna kitu." Tangu hapo yeye ndiye anayesimamia vidonge usiku, na hirizi anaifunga vilevile, havigombani. Mimi nilimweleza mara nyingi kwamba ugonjwa unaweza kuwa wa kweli bila kuonekana kwenye picha, hakunielewa; fuvu la kuchora lilimweleza kwa uongo nusu na akaelewa. Sijui niwape nyota kwa hilo. Nimewapa moja.

Daktari wa kliniki alipopokea bahasha alisoma ule ukurasa mmoja wa radiolojia kwanza, akauweka kwenye faili, akasema vizuri, ajali tumeiondoa. Karatasi tisa alizipitia kwa adabu, akanirudishia. Nikamuuliza kama hazimsaidii. Akasema zingemsaidia kama mgonjwa hasemi, lakini huyu anasema, na anachosema ndicho kinachotibiwa. Kisha akamgeukia mdogo wangu akamuuliza amelalaje, anakula, sauti zinakuja saa ngapi, zinamwamuru au zinamsimulia, na anafanya nini zikija. Nusu saa nzima. Ada ya kumwona daktari siku hiyo ilikuwa chini ya gharama ya ukurasa mmoja wa ile ripoti, nimepiga hesabu.

Na jambo ambalo binti wa mauzo hakulijua: wakati ule daktari alikuwa hajaandika skizofrenia popote. Aliandika saikosisi, mara ya kwanza. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinataka dalili zidumu mwezi mmoja au zaidi. Vya Wamarekani vinataka usumbufu wa angalau miezi sita kwa jumla. Hupewi jina hilo kwa dakika kumi. Wapo wanaopata saikosisi mara moja wakapona wasirudie. Kinachojulikana ni kwamba tiba ikichelewa matokeo huwa mabaya zaidi, na hiyo laki sita ingelipa nauli za kliniki na dawa kwa muda wa kutosha. Baadaye alibadilishiwa haloperidoli akapewa olanzapini. Mtetemeko umepungua, unene umeanza, daktari anafuatilia sukari.

Msije mkanielewa kwamba napinga utafiti. Marekani kuna mradi mzima wa ramani za ubongo kwa watu wenye saikosisi changa, wa miaka 16 hadi 35, na data zake wanapewa watafiti wa nchi mbalimbali wazichambue. Mdogo wangu akiombwa siku moja kulala kwenye mashine kwa ajili ya kazi kama hiyo, kwa hiari yake, bila kulipa, akiwa ameelezwa kwamba hatapewa jibu la kwake binafsi, nitamsindikiza. Kinachonikera ni kumtoza mgonjwa pesa kwa kitu ambacho watafiti wenyewe wanawashukuru wagonjwa kwa kuwapa.

Nyota zangu, basi. Mtaalamu wa picha, tano, na kama mwajiri wake anasoma, amwongeze mshahara. MRI ya kawaida na ripoti ya radiolojia, tano. Mapokezi, tatu, na mzime ile televisheni. Ramani ya mtandao, moja, kwa sababu niliyosema. Mkienda, nendeni na barua ya daktari inayosema anatafuta nini, ombeni zamu ya asubuhi, mwambieni mtaalamu mapema kama mgonjwa anaogopa mashine kwa sababu za ugonjwa wake, na vyuma vyote viacheni nyumbani. Maegesho yapo upande wa nyuma, machache, bajaji zinawahi.

Nilidai zile laki sita zirudishwe. Meneja alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akasema kipimo kikishafanyika hakirudishiwi fedha, ila sentensi ya ukurasa wa saba wataipeleka kwa "timu ya kiufundi". Akanipa vocha ya punguzo la asilimia 20 kwa picha yoyote ya MRI, mwisho wake Desemba. Nilimtumia mjomba picha ya vocha ili ajue pesa yake ilipoishia. Hakukasirika hata kidogo. Anakuja likizo mwezi huohuo, na anauliza kama goti linahesabika.